Bunduki ya Chibinda Ilunga: sanaa na njia za Walunda kutoka Musumba

Ramani za historia ya Afrika ya Kati hupenda mishale ya uhamiaji. Mmoja hutoka Musumba, mji mkuu wa Walunda kwenye nchi ya mto Kalanyi, ukaelekea magharibi hadi Kasanje nchini Angola. Wa pili hushika njia ya mashariki, ukavuka Lualaba na kuishia Luapula. Kisa kinachobeba mshale wa kwanza kinajulikana: malkia Ruwej alirithishwa lukano, bangili ya ufalme; mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, akaja akamwoa; Kinguri, kaka yake Ruwej, akasusa, akaondoka na watu wake.

Mwaka 1963 mwanahistoria Jan Vansina alikitumia kisa hicho kukadiria lini ufalme wa Kasanje ulianza. David Birmingham akabishana naye kuhusu tarehe. Joseph Miller akaja na hoja nzito zaidi: Kinguri huenda hakuwa mtu bali cheo, na cheo kinaweza kusafiri vizazi kadhaa bila mtu mmoja kutembea njia nzima. Halafu mwaka 1998 Vansina mwenyewe akachapisha makala ambayo jina lake tu linatangaza kwamba safari ile haikuwahi kutokea. Walioandika karne ya 17 kuhusu Waimbangala, waanzilishi wa Kasanje, akiwemo baharia Mwingereza Andrew Battell aliyeishi nao, hawamtaji Ruwej wala Walunda.

Baadhi ya wasomi wakaona suala limekwisha. Kama Kinguri hakuondoka, masimulizi ni porojo, na sanaa iliyozaliwa na masimulizi ni mapambo tu. Hapo ndipo siwafuati. Kwa karne ya 17 Vansina ana haki, na wachora mishale wanajidanganya. Lakini kazi ya sanaa inayokosea kuhusu mwaka 1600 inaweza kuwa shahidi bora wa mwaka 1850.

Ushahidi uko kwenye sanamu za Chibinda Ilunga walizochonga Wachokwe, majirani wa Walunda, nyingi zikiwa za karne ya 19. Ni za mti, na zilizo maarufu hazifiki hata nusu mita. Kichwa kimevikwa kilemba cha kichifu chenye mikunjo mikubwa ya pembeni, miguu na viganja ni vinene kuliko kawaida, na kuna sanamu ambazo ndevu zake ni nywele halisi zilizopachikwa kidevuni. Iliyoko jumba la makumbusho la Kimbell, Fort Worth, Marekani, ina fimbo mkononi na pembe ya dawa. Nyingine, katika mkono ambao masimulizi yangeupa upinde, zimepewa bunduki ya gumegume.

Bunduki hiyo hupitwa haraka, kana kwamba fundi alisahau yuko karne gani. Alijua vizuri sana! Wachokwe wa wakati wake walikuwa wawindaji wa tembo na wakusanya nta, baadaye mpira, waliouza kwa misafara ya kwenda pwani ya Angola na kurudi na baruti. Walisogea kaskazini na mashariki, kambi hadi kambi, wakioa na kununua wanawake njiani, hata miaka ya 1880 wakaivamia Musumba yenyewe. Fundi amemchonga babu wa utawala wa Kilunda akiwa na silaha ya wale ambao wangekuja kuuangusha. Kama mhamiaji wa kijeshi alidai undugu na mji aliouelekea, sanamu hiyo ndiyo hati ya madai yake, na sioni nyaraka ya Kireno inayoyasema wazi hivyo.

Upande wa mashariki mambo ni tofauti kidogo. Masimulizi ya Kazembe, cheo cha watawala wa Kilunda wa Luapula, yanapita karibu na Kolwezi ya leo: chumvi iliyogunduliwa, siri iliyovuja hadi kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, na Chinyanta, aliyeivujisha, kuzamishwa mto Mukulweji na chifu Mutanda. Mwana wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, ndiye akawa Kazembe wa kwanza. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula katikati ya karne ya 20, aliona kwamba mwenye cheo husimulia matendo ya waliomtangulia kwa kusema “mimi”. Safari ya karne ya 18 inakuwa safari yake. Katika Mutomboko huko Mwansabombwe, Zambia, sherehe inayofanyika kila mwaka tangu 1971, Mwata Kazembe huicheza safari hiyo mwenyewe, upanga mkononi. Ukitaka kilomita, ngoma hiyo haikusaidii. Ukitaka kujua nani anajiona bado amefika kutoka wapi, anzia hapo.

Kisha huja uhamiaji wa migodini. Kuhusu kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa 1906, na watu iliowaleta kutoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, vitabu vipo vya kutosha. Vinachokosa ni alichokifanya Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya 1973 na 1974 mchoraji huyo wa Shaba (Katanga) alimletea mwanaanthropolojia Johannes Fabian michoro zaidi ya 100 ya historia ya Zaire, akiieleza kwa Kiswahili, na Fabian akaitoa kitabuni mwaka 1996. Wanahistoria wamemkosoa kwa tarehe. Lakini mchoraji wa miaka ya Mobutu anayechora mwaka wa uhuru, 1960, anachora pia hofu ya siku anayoshika brashi, na asomwe hivyo.

Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amerahisisha usomaji huo kwa kuweka nyakati mbili ukutani pamoja. Katika picha zake za Kolwezi, mashimo ya wachimbaji wadogo yamewekwa kando ya mabango ya Kichina yanayouzwa kambini mwao: maporomoko ya maji, bustani, maghorofa yanayong'aa. Mchimbaji aliyefika juzi hulala chini ya bango la aina hiyo, ndani ya kibanda cha turubai. Fomu ya mtafiti itamuuliza ametoka wapi. Anakotaka kwenda kumeshatundikwa, tena kwa picha kutoka nchi ambayo makampuni yake yananunua madini anayoyachimba.