Kukodi huduma za TEHAMA: Kazi huhama, dhamana hubaki

CHAMA kidogo cha akiba na mikopo katika Kata ya Usevya, Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe mkoani Katavi, hakiwezi kumwajiri mhandisi wa kompyuta. Mshahara wake ungemeza riba yote ya mikopo ya wakulima wa mpunga. Hata hivyo, wanachama wa chama hicho wanataka kujua salio la akiba zao siku ile ile wanayouliza, kama ilivyo kwa mteja wa benki ya mjini.

Njia inayobaki ni kuikabidhi kazi hiyo kampuni nyingine, itunze programu ya hesabu, ihifadhi nakala za kumbukumbu na kutengeneza mashine zinapoharibika. Anayekodiwa anaweza kuwa fundi wa Mpanda mjini, kampuni ya Dar es Salaam au kituo cha data kilichoko Ulaya. Utaratibu ni ule ule, tofauti ni umbali tu.

Makampuni makubwa yaliuzoea zamani. Mwaka 1989 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwashangaza wengi ilipoikabidhi IBM na kampuni nyingine shughuli zake za kompyuta. Bharti Airtel ya India ilifanya hivyo mwaka 2004, na mwaka 2010, baada ya kununua biashara ya Zain barani Afrika, ikaingia mkataba na IBM wa kuendesha TEHAMA yake katika nchi 16, Tanzania ikiwamo. Mitambo ya mtandao wenyewe ilikabidhiwa kwa Ericsson, Nokia Siemens na Huawei. Mteja aliyekwangua vocha Mpanda hakuwa na haja ya kuyajua majina hayo, lakini kazi nyingi nyuma ya simu yake ilifanywa nao.

Faida ya kwanza inayotajwa ni gharama. Badala ya kutoa fedha nyingi kwa mkupuo kununua seva, taasisi hulipa ada ya kila mwezi na kupata wataalamu ambao isingeweza kuwaajiri. Kwa mahali kama Usevya, faida ya usalama pengine ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitegemea jenereta za dizeli, na kompyuta iliyowekwa kwenye chumba chenye joto na vumbi haidumu. Fundi anapohitajika, barabara ya kutoka Mpanda hupitia Sitalike na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, safari ambayo hakuna anayependa kuianza jioni. Kumbukumbu zikiwa na nakala katika kituo cha mbali, moto au mwizi wa usiku mmoja hawezi kuzimaliza.

Umbali huo huo, hata hivyo, ndio chanzo cha hatari. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya Seacom na EASSy ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi kwa kukosa intaneti au kuipata kwa shida. Ofisi ambayo kumbukumbu zake zote ziko ng'ambo hukosa kazi siku kama hiyo ingawa kompyuta zake ni nzima. Programu inayofaa vijijini ni ile inayoweza kuendelea kupokea hesabu bila intaneti, kisha kuzipeleka mawasiliano yanaporejea. Hata Safaricom ya Kenya, iliyoanzisha M-Pesa Machi 2007, ilitegemea mitambo iliyokuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya.

Hatari nyingine ni kudhani kuwa anayekodiwa amebeba na lawama. Mwaka 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia hesabu za wateja wake kwenye mfumo mpya ulioandaliwa na SABIS, kampuni dada yake. Mfumo ukagoma, na wateja wapatao milioni 1.9 wakashindwa kuzifikia akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65 benki yenyewe.

Msimamo wa Tanzania hauko mbali na huo. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa kukodi huduma kwa mabenki na taasisi za fedha mwaka 2008. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inamtofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake. Chama kinachoandika majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni mkusanyaji. Kampuni ya kompyuta inayozitunza kwa niaba yake ni mchakataji. Mwanachama ambaye siri ya deni lake imevuja atabisha hodi Usevya, si Dar es Salaam.

Kwa hiyo uzito wote huangukia mkataba, na hapo ndipo wengi hukosea. Hubishania ada, wakasahau siku ya kuachana. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipoingia mkataba na kampuni za SGS na GVG mwaka 2013 kuhusu mtambo wa kusimamia mawasiliano ya simu, mkataba ulieleza kuwa mtambo utakabidhiwa kwa mamlaka hiyo, na makabidhiano yalifanyika mwaka 2019. Chama kidogo nacho kinahitaji kifungu cha namna hiyo, kinachotamka kuwa kumbukumbu ni mali yake, kwamba zitarudishwa zikiwa katika hali inayosomeka na programu nyingine, na ndani ya siku ngapi. Maneno ya siri ya msimamizi wa mfumo yawe pia kwenye bahasha ndani ya kabati la chama. Nakala ya akiba ijaribiwe kurejeshwa angalau mara moja kabla ya malipo ya mwisho ya usimikaji, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni mbuzi kwenye gunia.

Muda wa kuitikia wito nao uandikwe kwa saa. Neno "haraka" halina maana mahakamani.

Jambo moja husahaulika hata na wenye wahasibu wazuri. Mlipaji wa ada hizo hutakiwa kukata kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi na asilimia 15 kwa asiye mkazi, na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kampuni ya ng'ambo ikisisitiza kulipwa ada yake kamili, kodi hiyo hutoka mfukoni mwa aliyekodi, na bei iliyoonekana nafuu hubadilika.