Kumuenzi Mshairi wa Umma kwa Huduma: Urithi wa Annabhau Sathe

Annabhau Sathe (1920–1969) anajulikana katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kwa jina la heshima Lokshahir, yaani mshairi wa watu. Neno shahir la Kimarathi na neno mshairi la Kiswahili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Hata neno tamasha lipo pande zote mbili, ila kwa Wamarathi hilo ni jina la utanzu mahususi wa maigizo ya jadi yenye nyimbo, ngoma na mizaha, na Sathe alikuwa gwiji wake. Kila tarehe 1 Agosti, siku aliyozaliwa, hukumbukwa kwa maandamano na hotuba, na pia kwa kazi za kujitolea kama kuchangia damu, kugawa madaftari na kupima afya. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hizo humuenzi pale tu zinapofuata namna yeye mwenyewe alivyowatumikia watu.

Sathe alizaliwa katika kijiji cha Wategaon, ambacho leo kimo katika wilaya ya Sangli, ndani ya jamii ya Wamatang iliyohesabiwa miongoni mwa watu wasioguswa. Juu ya unyonge huo wa kitabaka, utawala wa Kiingereza uliongeza sheria ya mwaka 1871 iliyozitangaza jamii nzima kuwa za wahalifu wa kuzaliwa na kuziweka chini ya uangalizi wa polisi. Shuleni hakudumu hata siku mbili. Familia yake ilihamia Bombay kwa miguu, naye akafanya vibarua na kazi za viwanda vya nguo, akajifunza kusoma kwa juhudi zake na kujiunga na wakomunisti.

Mwaka 1944, pamoja na Amar Shaikh na Dattatraya Gavankar, aliunda kikundi cha sanaa cha Lal Bawta, maana yake bendera nyekundu. Kwa desturi, tamasha hufunguliwa kwa kumsalimu mungu Ganesh. Sathe aliiondoa salamu hiyo, akaweka ya kuisalimu ardhi, wafanyakazi na waliojitoa mhanga. Umbo ambalo wanakijiji walilijua tangu utotoni likabeba ujumbe mpya, na asiyejua kusoma akaupata bila mkalimani. Povada, utenzi wa kusifu mashujaa wa vita, aliutumia kupaza kilio cha waathirika wa njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Katika mikono yake sanaa ilikuwa huduma yenyewe: ilikwenda walipo watu, ikasema kwa lugha yao, ikawaeleza chanzo cha dhiki yao.

Uhuru nao aliupima kwa kipimo hicho. Tarehe 16 Agosti 1947, siku moja baada ya bendera ya Uingereza kushushwa, alishiriki maandamano mjini Bombay yaliyodai kwamba uhuru huo haujamfikia mwenye njaa. Maonyesho ya kikundi chake yalipigwa marufuku na serikali ya wenyeji kama ambavyo yangepigwa na ya wakoloni. Baadaye nyimbo zake zilihamasisha harakati za kuunganisha wasemaji wa Kimarathi, zilizozaa jimbo la Maharashtra tarehe 1 Mei 1960. Katika riwaya yake Fakira (1959), aliyoitabaruku kwa B. R. Ambedkar, kiongozi wa watu wasioguswa, shujaa wa jamii ya Wamatang anapora nafaka ili watu wake wasife njaa. Chakula hicho hakitolewi kama sadaka. Ni haki iliyozuiwa, inayorudishwa kwa wenyewe.

Heshima nyingi za kiserikali zilikuja baada ya mshairi kufa maskini. Stempu ilitolewa mwaka 2002 na sanamu ikazinduliwa Moscow mwaka 2022. Mapema zaidi, mwaka 1985, serikali ya jimbo ilianzisha shirika la maendeleo lenye jina lake ili kuwainua Wamatang kwa mikopo na mafunzo. Mwaka 2015 aliyekuwa mwenyekiti wake alikamatwa kwa tuhuma za ubadhirifu. Huduma iliyobeba jina la mshairi wa umma haimuenzi ikiwa umma wenyewe hauna uwezo wa kuikagua.

Inaweza kudaiwa kwamba sanamu na maandamano ni mbwembwe tupu. Dai hilo linapuuza historia. Kwa watu ambao mababu zao walilazimika kuripoti kwa polisi, kupita katikati ya barabara kwa ngoma na bendera ni tendo la utu. Upungufu huanza pale sherehe inapojitosheleza.

Kazi za kujitolea za siku hiyo nazo zina uzito usiolingana. Kuchangia damu kuna maana ya pekee mahali ambapo kugusana kulihesabiwa unajisi, kwa kuwa damu ya aliyekatazwa kisima huingia mwilini mwa yeyote bila kuulizwa tabaka. Daftari humkumbuka mtoto ambaye hakudumu shuleni siku mbili, lakini thamani yake hutegemea kama mgawaji ameuliza kwa nini mtoto wa leo huacha shule, na kama atarudi baada ya Agosti. Kazi inayosahaulika zaidi ni ile iliyo karibu zaidi na kazi ya Sathe mwenyewe: kuwafundisha vijana wa mitaa ya vibarua kutunga na kuigiza, ili waieleze hali yao kwa vinywa vyao. Mwaka 1958, akihutubia mkutano wa fasihi ya Wadalit, yaani waliohesabiwa wasioguswa, aliikana hadithi ya kale kwamba dunia imebebwa kichwani mwa nyoka, akasema imebebwa na nguvu za Wadalit na wafanyakazi. Kwa kipimo hicho, mpokeaji wa huduma ndiye mbeba dunia, na huduma inayomfanya ombaomba inamkana mshairi inayedai kumuenzi.