Mzee wa Kanisa na Sheria ya Kuchakaa

Mwaka 1920 usharika wa Grunewald, mjini Berlin, ulimpata mzee wa kanisa ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel. Jina lake Max Planck. Babu yake, na baba wa babu yake, walikuwa maprofesa wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Göttingen, kwa hiyo kanisani hakuwa mgeni. Utumishi huo wa uzee wa kanisa aliushika hadi alipofariki mwaka 1947.

Wanaomfahamu Planck humfahamu kwa fizikia ya kwanta. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo, kwa miaka 20 na zaidi, moyo wake ulikuwa kwenye jambo jingine: entropia. Ndiyo aliyoandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka 21. Mpendwa msomaji, usilikimbie neno hili. Kitu chenyewe unakijua tangu utoto.

Chai ya moto ukiiacha mezani hupoa. Hujawahi kuona chai iliyopoa ikijikusanyia joto kutoka hewani ikachemka tena yenyewe. Chumvi ikishayeyuka mchuzini haijitengi ikarudi kijikoni. Mambo yana upande yanakoelekea, na hayageuki. Aliyelifanyia jambo hili hesabu mapema alikuwa kijana Mfaransa, Sadi Carnot, mwaka 1824. Alikuwa akitafuta jinsi ya kupata kazi nyingi kutoka katika injini ya mvuke, akaona kwamba joto hufanya kazi pale tu linapotoka kwenye moto kwenda kwenye baridi. Alikufa kwa kipindupindu akiwa na miaka 36. Mwaka 1865 Rudolf Clausius, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, akakipa kipimo cha mwelekeo huo jina la entropia, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka. Alisema mambo mawili: nishati ya ulimwengu haipungui wala haiongezeki, bali entropia yake inazidi kupanda. Maana yake ni kwamba nishati haipotei, ila inatawanyika mpaka haifai tena kwa kazi.

Hapo ndipo theolojia ilipovutwa uwanjani. William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa Mkristo wa dhati. Mwaka 1851, katika rasimu ya makala yake juu ya joto, aliandika kwamba jua halitawaka milele na kwamba hali ya sasa ya dunia ina kikomo, kisha akagusia maneno ya Maandiko juu ya dunia kuchakaa kama nguo, yale tunayoyasoma katika Zaburi ya 102. Kwake fizikia na Biblia vilikuwa vinaitikiana. Upande wa pili, Friedrich Engels hakutaka kabisa kusikia habari za ulimwengu unaopoa, akashikilia kwamba joto lililotawanyika lazima lipate njia ya kurudi kazini. Sababu yake ilieleweka: kitu chenye mwisho huenda kina mwanzo, na chenye mwanzo kinaacha mlango wazi kwa Muumba.

Wahubiri wengi walifurahi, na mpaka leo wapo wanaofurahi. Mimi nina mashaka. Kelvin huyohuyo, kwa hesabu ileile ya joto linalopotea, alitangaza mwaka 1862 kwamba dunia ina umri wa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Hakujua habari za mionzi ya madini, wala hakuzingatia jinsi joto linavyosafirishwa na mwendo wa miamba chini kabisa ya ardhi. Leo kipimo ni miaka bilioni 4.5 hivi. Kelvin hakuwa mjinga, alikuwa miongoni mwa vichwa vikubwa vya karne yake. Ila ushahidi uliojengwa juu ya hesabu ya karne moja hubomolewa na karne inayofuata, na anayeumia si mwanafizikia, ni msharika aliyeambiwa kwamba imani yake imesimama hapo. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 naye aliitaja sheria ya Clausius katika hotuba yake kwa wanasayansi, akiiunganisha na mwanzo wa ulimwengu. Padre Georges Lemaître, ambaye ndiye aliyetoa wazo la ulimwengu kuanza kutoka kitu kidogo sana, hakupendezwa na namna hiyo ya kuichukulia nadharia yake kuwa ushahidi wa uumbaji. Padre huyo aliona mbali.

Kuna hoja moja inayosikika sana kwenye semina za vijana, nayo ni lazima niitaje: kwamba sheria ya entropia inathibitisha kuwa viumbe hai haviwezi kubadilika vikawa na mpangilio zaidi. Haithibitishi hivyo. Ingekuwa kweli, mbegu ya mhindi isingeota wala mtoto asingekua tumboni. Sheria inazungumzia mfumo uliofungwa, na dunia haijafungwa. Kwa kila chembe moja ya mwanga tunayopokea kutoka jua, dunia hurudisha angani takriban chembe 20 zenye nguvu ndogo. Mpangilio unaoongezeka shambani unalipiwa na mtawanyiko mkubwa zaidi kwingine. Kijana tuliyemfundisha hoja hiyo ataingia chuo kikuu, na katika wiki za kwanza mwalimu wake ataibomoa. Atajiuliza ni nini kingine tulichomweleza kisicho kweli.

Turudi kwa Planck. Huko Austria, Ludwig Boltzmann alikuwa ameieleza entropia kwa njia ya kuhesabu. Tupa sarafu 10 chini. Kuna namna 1,024 zinavyoweza kulala. Zote kulala upande wa picha ni namna 1 tu, lakini 5 kwa 5 ni namna 252. Basi ukizitikisa, zitaelekea kwenye mchanganyiko, si kwa sababu zinalazimishwa, bali kwa sababu njia za mchanganyiko ni nyingi mno. Weka atomu zisizohesabika mahali pa sarafu 10, na huo ndio upoaji wa chai. Planck alilikataa wazo hili kwa miaka mingi. Aliamini sheria ya entropia ni kamili, haina nafasi ya bahati. Lakini mwaka 1900, akiwa amekwama katika hesabu ya mwanga unaotolewa na vitu vya moto, aliichukua njia ya Boltzmann, kitendo ambacho baadaye alikiita cha kukata tamaa, na humo kwanta ikazaliwa. Hata ile fomula iliyochongwa juu ya kaburi la Boltzmann, aliyeiandika kwa umbo lile ni Planck. Boltzmann mwenyewe alijiua mwaka 1906.

Tangu hapo entropia imeingia mahali ambapo Clausius hakupawaza. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyekuwa akitafiti mawasiliano ya simu, aligundua kwamba kipimo cha taarifa kina umbo lilelile la hesabu. Mwaka 1961 Rolf Landauer akaonyesha kwamba kufuta biti moja ya taarifa ni lazima kutoe joto kidogo, na mwaka 2012 jambo hilo lilipimwa maabara. Kufuta kuna gharama. Naona mhubiri anayesoma hapa tayari ameshika kalamu kuandika mahubiri ya Ijumaa Kuu. Namwomba aiweke chini, maana hilo ndilo kosa nililokuwa nikililalamikia.

Lenye uzito zaidi ni suala la wakati. Milinganyo ya Newton haitofautishi jana na kesho. Ukiirudisha nyuma filamu ya atomu mbili zinazogongana, hutaona kasoro. Kinachotofautisha ni entropia. Ndiyo maana tunakumbuka yaliyopita na si yajayo, na wapo wanafizikia wanaosema kwamba hata kule kutangulia kwa sababu na kufuata kwa tokeo kumesimama hapo.

Sasa mtazame mtu aliyeijua sheria hii kuliko karibu wote wa zama zake. Mwanawe Karl alikufa kwa majeraha ya vita karibu na Verdun mwaka 1916. Mwaka 1917 binti yake Grete alifariki baada ya kujifungua. Emma, pacha wa Grete, alikwenda kumlea mtoto aliyeachwa, akaolewa na mjane yule, naye mwaka 1919 akafa vilevile baada ya kujifungua. Planck alipokubali kuwa mzee wa kanisa, kaburi la Emma lilikuwa bado bichi. Mwaka 1944 nyumba yake iliungua kwa mabomu, pamoja na vitabu, barua na maandishi ya maisha yake yote. Mwanawe Erwin alihukumiwa kwa kuhusishwa na njama ya kumwondoa Hitler. Mzee alimwandikia Hitler barua kuomba uhai wa mwanawe. Erwin alinyongwa tarehe 23 Januari 1945.

Katika hesabu za Boltzmann hakuna kinachokataza kabisa moshi wa nyumba ile kurudi kuwa barua. Uwezekano wake ni mdogo tu, mdogo kupita umri wa ulimwengu. Hapa ndipo ninapotaka washarika wasimame nami kidogo. Ufufuo wa mwili tunaoukiri kila Jumapili si ile namna moja kati ya namna zisizohesabika, inayongoja zamu yake itokee kwa bahati. Hautoki ndani ya sheria hii hata kidogo. Paulo katika Warumi 8 hafichi kwamba uumbaji mzima uko chini ya uharibifu. Tumaini lake linatoka kwa yule aliyeuumba.

Je, Planck aliamini hivyo? Mwaka 1937 alitoa mhadhara juu ya dini na sayansi, akaumalizia kwa kusema kwamba zote mbili zinaelekea kwa Mungu. Lakini mwaka 1947, alipoulizwa kwa barua, alijibu kwamba tangu utoto alikuwa mtu wa dini, ila haamini Mungu aliye nafsi, seuze Mungu wa Wakristo. Mimi mchungaji siisomi barua ile bila kuumia. Miaka 27 alikaa na wazee wenzake katika kiti kile. Sidhani alikuwa mnafiki; aliyezika watoto wanne na bado akaendelea kuja hakuwa akitafuta sifa. Ninachojiuliza ni kile alichokuwa akisikia kutoka mimbarani, na kama kuna aliyewahi kumsemesha juu ya Grete na Emma bila kumuuliza kwanza habari za fizikia.

Alizikwa Göttingen, mji wa babu zake, Oktoba 1947. Jiwe la kaburi lake lina jina lake, na chini kabisa ile namba yake ya kwanta.