Swali Halijajibiwa

Kiswahili kinatofautisha swali lisilojibika na swali lisilojibiwa, na tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Swali lisilojibika halimdai mtu, maana ugumu umo ndani yake lenyewe. Swali lisilojibiwa linamdai mtu. Kauli ya kutendwa ina mtendaji hata asipotajwa, kwa hiyo yupo aliyepaswa kujibu. Ukitia na -ja-, ukasema "halijajibiwa", unaongeza dai jingine: jibu bado linasubiriwa, na anayelisubiri hajakata tamaa.

Sisi wa Mtumba tunapaswa kuijua tofauti hii kuliko wengine. Tangu wizara zihamie katika Mji huu wa Serikali, kilomita kama 17 kutoka katikati ya Dodoma, kazi ya kutwa ya wengi wetu ni maneno. Dokezo linaandikwa, linaingia kwenye jalada, jalada linatoka masijala kwenda kwa mkubwa, linarudi na maelekezo. Neno likikaa vibaya humo, linaweza kumficha mtu kwa miaka. Ndiyo maana nataka tuyapime maneno machache kwa tukio ambalo Afrika Mashariki haijamalizana nalo: shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015.

Karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wa al-Shabaab wenye bunduki waliwashambulia walinzi wa lango, wakaingia chuoni. Waliwapiga risasi wanafunzi wa Kikristo waliokuwa katika sala ya asubuhi, kisha wakaenda mabwenini, wakawa wanawatenganisha Waislamu na wasio Waislamu. Waliouawa siku hiyo ni watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kiitwacho Recce, ambacho kazi yake hasa ni kukomboa mateka, kilikuwa upande wa Nairobi, kilomita zipatazo 365 kutoka hapo. Kilipoingia bwenini ilikuwa jioni, na kilipoingia hakikuchukua muda mrefu kuwamaliza wavamizi. Wapo waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari wakafika Garissa kabla ya askari hao waliokuja kwa ndege.

Tusilione jambo hili kuwa la majirani tu. Mahakama ya Nairobi ilipotoa adhabu Julai 2019 kwa watu watatu waliopatikana na hatia ya kushiriki katika njama ile, aliyepewa kifungo cha maisha alikuwa kijana wa Kitanzania, na magazeti yalikuwa yameeleza kwamba alisoma Shule ya Sekondari Bihawana, hapa hapa Dodoma. Swali la Garissa lina kipande chake kwetu.

Neno lililotumika sana baada ya siku ile ni "kuchelewa": polisi walichelewa. Hebu tulitazame. Wanaofuata asili ya maneno hulirudisha kwenye kitenzi -cha, kile cha "kumekucha". Aliyechelewa, kwa maana ya zamani, ni aliyekutwa na mapambazuko kabla hajaondoka. Kinyume chake ni kuchwa, yaani jua kuzama, na kutwa ya "mchana kutwa" ni neno hilohilo. Wavamizi wa Garissa walikuja kunakucha, wakombozi wakaingia kunakaribia kuchwa. Kati ya maneno hayo mawili vijana walikuwa chini ya vitanda na ndani ya makabati, wengine wakiwapigia simu wazazi wao kwa kunong'ona.

Hata hivyo "kuchelewa" ni neno pole. Huchelewa basi, huchelewa mvua za hapa Dodoma, na hakuna anayeshtakiwa. Ukitaka kuuliza swali la kweli ni lazima uende hatua mbili mbele katika mnyambuliko: kuchelewesha, kisha kucheleweshwa. Je, askari wale walichelewa, au walicheleweshwa? Kwa kitenzi cha pili huwezi kukwepa kuuliza: na nani, wapi, saa ngapi? Ni nani aliyepokea taarifa ya kwanza, na alimpigia nani? Magazeti ya Kenya yaliripoti kwamba ndege ya polisi ilikuwa Mombasa asubuhi ile, na kwamba viongozi wakuu wa usalama walitangulia kwa ndege kabla ya kikosi. Kama ndivyo, ni nani aliyepanga zamu hiyo ya kuruka? Serikali ilitetea kasi ya vyombo vyake, na maafisa kadhaa wa usalama wakasimamishwa kazi. Lakini kumsimamisha mtu kazi ni hatua ya kiutumishi. Mzazi aliyepokea mwili wa mwanawe anataka maelezo ya saa kwa saa, na maelezo hayo hayapatikani katika barua ya kusimamishwa.

Neno la pili ni "mwitikio". Ripoti zetu hupenda kusema "mwitikio wa vyombo vya usalama ulikuwa wa kuridhisha" au "haukuridhisha". Neno lenyewe ni zuri, ila tumelitoa nyumbani kwake. Kuitika ni kazi ya aliyeitwa. Mama akiita kutoka jikoni, mtoto husema "abee" au "naam", na hapo hajamaliza kuitika, anatakiwa aonekane. Wazee walisema usikatae wito, kataa neno, yaani nenda kwanza, mengine mtayazungumza ukishafika. Mwitikio wa polisi ungepimwa kwa kipimo hicho cha nyumbani, tungeuliza mambo mawili tu: waliitwa lini, na walionekana lini. Kati ya saa hizo mbili ndimo yalimo maswali yote, na ndimo taarifa rasmi hupita kwa haraka zaidi.

Neno la tatu ni "kupoteza maisha". Limeenea redioni na magazetini hadi watu hawalisikii tena: wanafunzi kadhaa wamepoteza maisha. Wamepoteza, kana kwamba maisha yaliwadondoka njiani. Kiswahili kina kufa, kina kufariki, kina kuuawa. Mbele ya risasi tunalo neno moja tu la haki, nalo ni kuuawa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walipovamia Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, wanafunzi zaidi ya thelathini waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto bwenini. Huko nako watu waliuliza askari walikuwa wapi. Ukisema watoto wale walipoteza maisha, swali hilo halina pa kushika.

Hata kuuawa kuna mlango wa kutorokea, nao ni kihusishi kidogo sana. Aliyeuawa "na" fulani ametajiwa mtendaji. Aliyeuawa "kwa" kitu fulani ametajiwa chombo. Februari 16, 2018, Kinondoni jijini Dar es Salaam, binti aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa ndani ya daladala, siku ambayo polisi walikuwa wanatawanya waandamanaji. Aliuawa kwa risasi. Sentensi hiyo ni sahihi na inauma, lakini inaishia kwenye risasi. Risasi haina jina, haina namba ya kazi, haina kamanda. Sentensi itakamilika siku "kwa" itakapofuatwa na "na".

Limebaki neno ambalo sisi Watanzania tulilipa uzito wa pekee: kuwajibika. Masikioni linafanana na jibu, na wengi huamini ni ndugu. Asili zao ni mbili: jibu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kurudisha kauli, na kuwajibika kumetokana na wajibu, jambo linalomlazimu mtu. Kufanana kwao ni kwa bahati, lakini utengano wao unafundisha. Jibu husubiri kuulizwa. Wajibu hutangulia swali. Ulikuwapo kabla ya risasi ya kwanza, na mwenye nao anadaiwa hata kama hakuna mwandishi aliyenyoosha mkono.

Katika miaka ya 1970, raia waliokuwa mikononi mwa polisi waliuawa katika operesheni za Mwanza na Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu yeyote wala hakuwapo. Alijiuzulu. Tangu hapo "kuwajibika" kukapata maana ya ziada midomoni mwa Watanzania, maana ya kuachia kiti, na wananchi wakimwambia kiongozi awajibike wanajua wanachodai. Lakini hata maana hiyo tukufu isitumike kufunga mjadala. Anayejiuzulu ametimiza wajibu wake. Jibu bado linadaiwa, kwa sababu wanaobaki ofisini ndio wenye majalada.

Hivyo ombi langu kwa wenzangu tunaoandika taarifa, hapa Mtumba na kwingineko, ni la sarufi, na ninalitoa kwa dhati. Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, na kila tukio humo huandikwa na saa yake. Taarifa kwa umma ifuate adabu hiyo. Iandike waliuawa na nani. Iandike askari walicheleweshwa na uamuzi gani, wa ofisa wa cheo gani, saa ngapi. Isiseme "uchunguzi unaendelea" bila kutaja tarehe ya kuutoa hadharani, maana -na- hiyo isiyo na mwisho inaweza kuendelea hadi wazazi wote wazeeke. Na mahali ambapo jibu halijatolewa, iandikwe wazi kwamba halijajibiwa. Ofisi ikiandika "halijajibika", aliyeshika kalamu arudishiwe dokezo lake alisahihishe.