Remmy Ongala: Kiswahili cha Maniema katika Muziki wa Dar es Salaam

Historia ya Kiswahili katika Kongo huelezwa mara nyingi kama safari ya upande mmoja. Lugha ilitoka pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ikakita mizizi Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, zama za Tippu Tip, halafu ikaenea kando ya mto Lualaba. Ni nadra wanaoisimulia kuuliza kama kuna kitu kilichorudi pwani. Maisha ya Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye Afrika ya Mashariki ilimjua kwa jina la Dokta Remmy, yanatoa jibu mojawapo.

Alizaliwa Kindu mwaka 1947. Kama alivyozoea kusimulia mwenyewe, watoto waliomtangulia walikuwa wamekufa, na mganga akamwagiza mama yake asizalie hospitali, wala nywele za mtoto zisikatwe. Nywele hizo ndefu zilikuja kuwa alama yake jukwaani. Wazazi wake walifariki yeye angali kijana, na mwaka 1964 Kindu iliingia katika vita vya waasi. Muziki ukawa riziki kabla haujawa sanaa. Alijifunza mwenyewe kupiga ngoma, kisha gitaa, akizunguka na bendi za mashariki ya Kongo na za Uganda. Uimbaji na utunzi vilifuata. Utaratibu huo si jambo dogo: mtunzi aliyeanzia kwenye ngoma huupima uzito wa silabi mapema, na katika lugha kama Kiswahili, ambamo mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sikio la namna hiyo ni mtaji mkubwa.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy. Wakongo wenye magitaa walikuwa wengi mjini humo, na wengi wao waliendelea kuchanganya Kiswahili na Kilingala, kwa kuwa Kilingala ndicho kilichokuwa na sifa ya dansi. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki, akaingia Orchestra Matimila, baadaye Super Matimila. Alibaki pia na Kiswahili. Uamuzi huo ndio uliomtenga na wenzake, kwani aliyetoka Kindu hakuhitaji kukopa lugha ili asikilizwe na wenyeji. Alikuja nayo kutoka kwao. Aliita muziki wake mdundo wa ubongo, maana alitaka usikilizwe na watu waliokaa kama unavyochezwa na waliosimama.

Maudhui yake hayakuwa ya kubembeleza. Kifo, umaskini, ubaguzi, thamani ya mtu asiye na sura nzuri: hayo aliyaleta katika baa, mahali ambapo watu huja kuyasahau. Wimbo *Kifo* unamkabili mauti kama mtu anayeweza kuulizwa maswali, na *Sauti ya Mnyonge* unajieleza kwa jina lake. Lugha yake ni ya mazungumzo, yenye sentensi fupi na orodha ndefu, na mara nyingi gitaa hushuka ili maneno yapite. Mhakiki anayetafuta vina na mizani ya pwani atatoka mikono mitupu. Hapo mhakiki amekosea mlango, si mtunzi.

Mfano ulio bora kwa mwanaisimu ni *Mambo kwa Soksi*, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unaua na watu wanaona haya kuutaja. Mtunzi alichukua neno la nguo ya mguuni akalivisha maana ya kondomu. Tafsida hiyo ilieleweka na kila mtu, na labda kwa sababu hiyohiyo Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Wakati huo redio ya taifa ilikuwa njia kuu ya wimbo kufika mikoani, kwa hiyo kunyimwa redio kulikuwa adhabu nzito. Hata hivyo wimbo ulisambaa kwa kaseti na katika kumbi.

Kaseti vilevile ndiyo iliyomfikisha ng'ambo. Moja ilipelekwa Uingereza, na mwaka 1988 akaalikwa katika ziara ya WOMAD. Zikafuata santuri mbili za Real World, *Songs for the Poor Man* (1989) na *Mambo* (1992). Katika hiyo ya pili aliimba sehemu kwa Kiingereza, na hapo, kusema kweli, amepungua: mwenye sauti ya kuhoji mauti anasikika kama mgeni mwenye adabu.

Mwaka 2001 alipigwa na kiharusi. Miaka ya mwisho aliimba nyimbo za injili, akiwa amedhoofika, na tarehe 13 Desemba 2010 alifariki Dar es Salaam. Mtaa alioishi huko Sinza, pamoja na kituo chake cha daladala, huitwa Sinza kwa Remmy, na wanaoshuka hapo si wote wajuao kwamba mwenye jina alitoka Kindu.