Orodha ya Vitabu na Lugha Yake: Somo la Historia Bujumbura

Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, na Kifaransa kikawa lugha ya kufundishia. Baadaye Warundi wenyewe waliandika historia: Émile Mworoha kuhusu watu na wafalme wa Maziwa Makuu (1977), na Joseph Gahama kuhusu utawala wa Ubelgiji (1983). Waandishi walibadilika; lugha haikubadilika. Masimulizi yaliyohifadhiwa kwa Kirundi yaliingia vitabuni kwa Kifaransa, ambacho wengi wa wasimulizi hawakukisoma. Hivyo basi, kuongeza majina ya Waafrika katika orodha za vitabu hakutoshi. Vitabu hivyo vitafsiriwe kwa Kirundi na Kiswahili, ili wenye historia nao waihakiki.