Mrejeo wa mkojo: kuubashiri baada ya UTI ya mtoto

Mrejeo wa mkojo ni hali ya mkojo kupanda tena kutoka kwenye kibofu kuelekea kwenye figo. Ureta, yaani mrija unaoteremsha mkojo kutoka figoni, hupenya ukuta wa kibofu kimshazari. Kibofu kikijaa, ukuta huubana na njia ya kurudi hujifunga. Kwa baadhi ya watoto kipande kinachopita ukutani ni kifupi, hakibaniki vizuri. Hurefuka kadiri mtoto anavyokua, ndiyo maana mirejeo mingi midogo huisha yenyewe bila kisu.

Inakadiriwa kuwa asilimia 1 hivi ya watoto wote wana hali hii, lakini miongoni mwa waliougua UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) yenye homa hufika karibu theluthi moja. Kipimo cha kuithibitisha ni eksirei ya kibofu. Mtoto hulazwa mezani, huingizwa mpira wa mkojo, kibofu hujazwa dawa inayoonekana kwenye picha, kisha hungojwa akojoe, maana mirejeo mingine hujitokeza pale tu kibofu kinapojikamua. Mama humshika mikono, mtoto analia, na chumba kizima kinasubiri mkojo. Picha ndiyo hupanga ukubwa kwa madaraja 5: katika la 1 mkojo huishia kwenye ureta, katika la 5 ureta imetanuka na kujipinda kama utumbo. Hayo yote, pamoja na mionzi na hatari ya mpira kuingiza vijidudu vipya, huwapata pia wale wengi ambao hawana mrejeo wowote. Hapo ndipo haja ya kubashiri ilipozaliwa.

Watafiti wa Uholanzi walitoa mwaka 2000 kanuni ya vigezo vitano: mtoto wa kiume, umri mdogo, ndugu wenye maradhi ya njia ya mkojo, protini ya CRP iliyopanda katika damu, na njia ya mkojo iliyotanuka kwenye ultrasaundi. Kigezo cha ndugu si cha kupuuzwa, kwani takriban robo ya ndugu wa mtoto mwenye mrejeo nao huwa nao. UTI ikiletwa na kijidudu kingine badala ya E. coli, bakteria ya kawaida ya UTI, shaka huongezeka. Ultrasaundi haiumizi, ila hudanganya: ureta inaweza kutanuka wakati mkojo unaporudi tu, na daktari akaikuta imetulia. Baadaye kikaja kipimo cha damu cha prokalsitonini, ambayo hupanda maambukizi yanapofika kwenye figo lenyewe. Kiwango cha nanogramu 0.5 kwa mililita au zaidi huelekeza kwenye mrejeo mkubwa, ingawa watoto wengi wenye kiwango hicho hawana mrejeo kabisa. Ni kipimo kizuri zaidi cha kutuliza wasiwasi kuliko cha kutia hatiani.

Swali lenyewe nalo limebadilika. Zamani lilikuwa nani ana mrejeo; siku hizi ni nani ana mrejeo wa kutishia figo. Utafiti wa RIVUR wa Marekani, uliotolewa mwaka 2014 baada ya kufuatilia watoto 607, ulionyesha kwamba antibiotiki ya kila siku hupunguza UTI za kujirudia kwa karibu nusu, lakini makovu ya figo hayakupungua. Kabla ya hapo, mwaka 2011, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kimeacha kupendekeza eksirei ya kibofu kwa kila mtoto wa miezi 2 hadi 24 baada ya UTI ya kwanza yenye homa. Hufanywa endapo ultrasaundi ina kasoro, au UTI yenye homa ikirudi.

Ubashiri wowote huanza na mkojo safi. Ule uliokingwa kwa mfuko wa plastiki uliobandikwa hubeba vijidudu vya ngozi na kinyesi, na UTI isiyokuwepo huingizwa kwenye hesabu. Kwa mtoto asiyepigwa eksirei, wazazi huelekezwa kwamba akipata homa tena wamlete, ikiwezekana ndani ya saa 48, apimwe mkojo.